Yowe Lisilo na Jina

Buti za jeshi zilikuwa kubwa kwa miguu ya Namukose, ikabidi azishindilie matambara kwenye ncha. Alisimama ndani ya karai lililojaa kokoto, macho yameganda kwenye televisheni ndogo, akimngojea askari wa kwenye picha ainue mguu. Askari alipoinua, naye aliinua. Askari alipokanyaga, naye alikanyaga.

"Umechelewa," alisema Vasant kutoka nyuma ya mashine zake. "Mguu wake umeshafika, wako bado uko njiani. Rudia."

"Huyo askari anachechemea, bwana. Tazama mguu wa kushoto."

"Basi chechemea naye. Ingia mahali pake."

Kuingia mahali pake ndiyo iliyokuwa dini ya jengo lile. Zamani lilikuwa sinema ya baba yake Vasant, palepale Jinja mjini, kabla Wahindi hawajafukuzwa. Baba alifia ugenini. Mwana alirudi miaka ya tisini ilipoanza, akakuta viti vimeshageuzwa kuni na popo wamejipangia dari nzima bila kodi. Alikuwa amekaa Uingereza muda mrefu katika karakana ya sauti za filamu, akianzia kubeba chai hadi akaaminiwa na mashine. Sasa shirika moja la misaada lilimletea filamu ya vita vya Teso. Picha zake zilikuwa safi, lakini maikrofoni ilikuwa imenyeshewa tangu siku ya kwanza na wapiga picha hawakujua. Ulisikika mvumo tu, kama nyuki ndani ya mtungi. Kila kilichopaswa kusikika, kuanzia miguu na moto mpaka mlango na kuku, kilitakiwa kutengenezwa upya, kisha filamu ipelekwe ikaonyeshwe kwenye vituo vya biashara, watu wajue wale wakimbizi waliojazana kwao walikuwa wametoka kwenye balaa gani.

Namukose alikuja pale kufagia mavi ya popo. Siku moja Vasant alikosa mtu wa kumtikisia ungo wenye maharage ili apate mvua, akamwita. Mvua ile ilinyesha vizuri mno. Tangu hapo ufagio ulipumzika zaidi yake.

Akajifunza. Akajua kwamba mfupa unaovunjika ni muwa wa mashamba ya Kakira uliokauka kidogo. Akajua kwamba moto wa nyumba ni majani makavu ya migomba yakifikichwa karibu sana na maikrofoni, na kwamba matope ni unga wa muhogo uliofungwa kwenye kitambaa kibichi. Siku moja alichimba udongo wa kweli nyuma ya jengo, akaumwaga juu ya sanduku, kwa ajili ya picha ya mazishi. Vasant alimrudishia sauti hiyo asikie. Haikuwa mazishi, ilikuwa kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

"Udongo wa kweli hauna sauti ya udongo," Vasant alimwambia. "Tafuta kitu kingine." Akatafuta, akapata makopa ya muhogo juu ya ngozi ya ngoma. Hapo hata Vasant alivua kofia.

Muziki nao ulikuwa na sheria zake. Walimleta mzee mmoja mpiga zeze la uzi mmoja. Kila alipoona mtoto anakimbia kwenye picha, alilisaga zeze kwa huruma mpaka meno yakauma. Vasant alimsimamisha. "Mzee wangu, muziki usimtangulie mtu kulia. Ukilia wewe kwanza, mtazamaji atakuachia ulie peke yako."

Namukose aliliweka neno hilo akilini. Siku ya kulihitaji ilikuwa bado.

*

Bugembe ni mji wa barabarani. Neno likishuka kwenye taksi asubuhi, jioni limeshaolewa na kuzaa. Kwa hiyo watu walijua kabla Namukose hajavua viatu kwamba mke wa Bogere siku hizi analipwa kukanyaga kokoto na Mhindi gizani.

"Kukanyaga tu?" aliuliza Roselyn, msusi wa jirani, huku akikaza nywele za mteja hadi macho yakamtoka. "Mie nakanyaga bure miaka yote."

Roselyn hakuwa mbaya. Mdomo wake tu haukuwa na kitasa.

Nyumba yenyewe iliitazama barabara kuu ya Iganga: vyumba viwili vya mbele, viwili vya nyuma, bati jekundu. Bogere aliijenga kwa jasho la usukani. Mwaka wa themanini na saba alipeleka lori Soroti, huko Teso, kuchukua samaki wakavu, vita vikiwa vimepamba moto. Lori lilikutwa limeungua kando ya barabara. Bogere hakukutwa, si mzima wala jivu. Tangu siku hiyo nyumba iliishi kwa kunyamaza.

Maana katika ukoo ule msiba hauanzi kwa mtu kufa. Msiba huanza kwa yowe. Mke hupiga la kwanza, akilitaja jina la mumewe. Mama mzazi humwitikia. Hapo ndipo kijiji huja, wenye kuni na kuni, wenye ndizi na ndizi, na kama maiti haipo, hukatwa shina la mgomba, likavishwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, likazikwa badala yake. Wakishaanua matanga, mali hurudi mikononi mwa ukoo. Mjane mwenye mtoto wa kiume huachiwa nyumba. Namukose hakujaliwa mtoto, wa kiume wala wa kike.

Kwa hiyo hakupiga yowe. Kilio kikimjia, alikwenda shambani akang'oa magugu mpaka kikapita.

"Nyumba ya mtu hai hukaliwa na mke, ya maiti hukaliwa na mjane," Isabirye, mdogo wake Bogere, alipenda kusema kila alipofika, akivipima vyumba vya mbele kwa macho. Alivitaka aweke duka la saruji na mabati. "Sasa wewe, shemeji, ni nani hasa? Tujue tukuamkie vipi."

"Mwamkie kama ulivyomwamkia juzi," mama yake alijibu kutoka mkekani. "Au tangu juzi amebadilika sura?"

Huyo alikuwa Eseza, mama wa Bogere na Isabirye. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu; aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini masikio yake! Lori likiteremka kutoka Iganga, alikuwa akitaja aina yake na kama limejaa au ni tupu. Kwa miaka sita alikuwa akisikiliza lori moja.

"Mama, mtu aliungua," Isabirye alisema. "Watu wanatucheka. Tumemwacha ndugu yetu porini kama mbwa."

"Niliyemzaa ni mimi. Siku nitakayoitikia yowe ndiyo siku atakayokuwa amekufa. Na yowe la kuitikia sijalisikia. Wewe umelisikia?"

Isabirye alimtazama Namukose. "Bado," alisema. Aliondoka bila kuaga.

Jioni hizo, baada ya ugali wa posho na maharage, Namukose alimfundisha mkwewe kazi yake, kwa mchezo. Alikuwa akisema, "Mtu anatembea, anasimama, anafungua mlango," na Eseza alitakiwa kugonga kikombe mlango unapofunguka. Kikongwe yule alikuwa hakosei.

"Niliingia mahali pake?" alikuwa akiuliza, akicheka kwa fizi.

"Mahali pake hasa, mama. Bwana Vasant akikusikia atanifukuza mimi akuajiri wewe."

"Mwambie mimi sikanyagi kokoto. Nalipwa nimekaa."

*

Filamu ilibakiwa na kitu kimoja. Mwanamke wa Kiteso amesimama mbele ya ghala la mtama lililoungua. Kinywa kinafunguka, mikono inakwenda kichwani, anaanguka magotini. Sauti hakuna.

Vasant alimwita mwimbaji wa kwaya. Akalia kama yuko kwenye mnada wa kanisa. Akamwita mwigizaji wa tamthilia. Huyo alilia vizuri, akafungua jicho moja aone kama anatazamwa. Watu wa shirika walikuwa wakipiga simu kila asubuhi.

"Namukose," hatimaye Vasant alisema, bila kumtazama. "Wewe unaweza."

"Siwezi, bwana."

"Nimekusikia ukipumua kila picha hii inapopita."

"Kupumua ni kwangu. Hilo lingine lina wenyewe."

Akamweleza, habari ya Bogere, ya nyumba, ya mama. Vasant alisikiliza huku akizungusha kalamu. Naye alikuwa na kesi ya jengo lake, na majirani waliomwangalia kama mtu aliyekuja kuiba kilichokuwa chake. Alijua nyumba ni nini. Lakini alijua pia filamu isipokamilika shirika litaipeleka Nairobi na yeye atabaki na popo.

"Ikikamilika," alisema, "wana nyingine tatu. Nitahitaji mtu wa sauti, wa kudumu. Sitatafuta mwingine. Ukiwa na mshahara wako, huyo shemeji atakutisha na nini?"

Usiku huo Namukose alilipindua neno hilo kama mtu anayeota moto pande zote. Asubuhi alikuja na ujanja wake. Asingelia Jinja wala Bugembe. Angelia Mbale, mahali hakuna anayemjua, katika mtaa wa watu wa kila kabila. Yowe la ugenini si la ukoo wowote. Na jina asingelitaja.

"Na likinitoka?"

"Nitalikata," Vasant alisema. "Kwa wembe. Hakuna atakayejua lilikuwepo."

*

Khainza aliwapokea Namatala, mtaa wa Mbale, na mikono myeusi ya makaa. Zamani yeye na Namukose waliuza nyanya meza moja katika soko la Jinja, kabla Khainza hajarudi kwao Mbale.

"Mulembe, mukwano, rafiki yangu! Na huyu ndiye Mhindi wako? Mbona mwembamba hivi, humlishi?"

Vasant aliichekea miguu yake, akatafuta mahali pa kusimamisha maikrofoni. Alikuwa ameivika soksi ili upepo usiisumbue. Nyumba za Namatala zimebanana. Mtu akipiga chafya kwako, wa jirani ndiye anayejibu. Lakini ilikuwa saa ya kazi, wanaume wako vibaruani, watoto wako shule, na uani kwa Khainza palikuwa na utulivu wa kuridhisha.

Mara ya kwanza Namukose alitoa sauti, Vasant akainua mkono. "Unaimba. Sitaki wimbo."

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Khainza alijifunika mdomo kwa kanga asicheke.

"Fumba macho," Vasant alisema. "Usilie. Sikiliza tu. Ukisikia cha kulilia, utajua."

Alifumba. Akasikia makaa yakimiminwa guniani. Akasikia jogoo. Kisha, mbali, kwenye barabara ya Soroti, lori lilibadili gia, likasita katikati, likashika. Bogere alikuwa akisita hivyohivyo. Walikuwa wakimcheka kwa ajili hiyo. Gia ya Bogere ilikuwa ikiomba ruhusa kabla ya kuingia.

Lilimtoka lenyewe. Halikuanzia kooni, lilianzia magotini, na magoti yakavunjika.

"Wooowe! Bogere wee! Umeniacha na nani? Bogere, nani atafungua mlango? Wooowe!"

Sindano ya mashine ililala upande mmoja, ikatetemeka. Vasant hakuinua mkono. Sauti ilipokwisha, alibaki ameshika visikilizio masikioni kama mtu anayezuia kichwa kisidondoke.

Na Namatala ikaja.

Wanawake walikuja mbio, vilemba vimelegea, mmoja na ndoo ya maji, mwingine na kuni tatu begani, mwingine na unga wa mahindi kwenye kibakuli, kwa kuwa mtu haendi msibani mikono mitupu hata kama hajui nani amekufa. Walimshika Namukose mabega. Wawili walikuwa wameshaanza kumwitikia.

"Hakuna msiba!" Khainza alipiga kelele, akienda huku na huku. "Jamani, samahani! Hakuna aliyekufa! Ni kazi, ni ya filamu!"

Vilio vikakatika. Mwenye kuni alizishusha moja moja. Mwenye unga aliutazama unga wake. Kisha akasogea mwanamke mrefu, mkavu, Mteso kwa lafudhi yake, mmoja wa wale waliokimbilia Namatala bila hata sufuria. Aliangalia maikrofoni iliyovaa soksi.

"Sisi tulizika watu wetu tukiwa tumejiziba midomo," alisema taratibu, "askari wasitusikie. Wanne. Sikupiga hata moja. Wewe unalo la kuchezea?"

Alitema mate pembeni, si juu ya mtu, akaenda zake. Wengine wakafuata. Mwenye unga alirudi akauacha unga mlangoni. Hakuna anayerudi nyumbani na sadaka ya msiba.

Khainza aliketi juu ya gunia. "Rafiki yangu," alisema, "hao watasahau. Lakini yowe halirudi mdomoni. Likishatoka hutembea mpaka limpate mwenyewe."

"Nilimtaja?" Namukose alimwuliza Vasant.

"Mara mbili."

"Kata."

Na kweli alikata, mbele yake, walipofika Jinja. Aliuvuta utepe wa kanda huku na huku kwa vidole mpaka jina likaguna, akaweka alama, akapitisha wembe. Vipande viwili vya utepe, urefu wa kidole, vilianguka mezani. Mahali pake aliunganisha utepe mtupu, urefu uleule, ili pumzi zisigongane. Alipoicheza, yowe lilikwenda, likasimama kwa nafasi ya pumzi moja, likaendelea. Ungedhani mwanamke alikuwa akimeza mate.

Namukose aliviokota vile vipande viwili, akavifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kiunoni.

*

Gari la sinema lilifika Bugembe siku ya gulio. Walitandika shuka jeupe ukutani mwa ofisi ya gombolola, yaani ya kata, jenereta likaanza kukoroma, na kabla giza halijaingia vizuri watu walikuwa wameshajaa hadi juu ya miti. Namukose alitumaini kikongwe atachoka, atalala mapema.

"Nilale?" Eseza alisema, akiwa tayari amevaa gomesi, lile vazi lake la kwenda harusi za watu. "Mkwe wangu anatembea kwenye filamu nami nilale? Nakwenda kusikia miguu yako."

"Hutaona kitu, mama."

"Nani amekwambia nataka kuona?"

Roselyn alimshika mkono, akamkalisha mbele, akajipa kazi ya kumsimulia sikioni. Isabirye alikuwa amesimama nyuma na wenzake wenye maduka. Filamu ilianza. Kokoto zilikwaruza, na umati mzima, waliokuwa wakitafuna karanga, ukaacha kutafuna. Kuna waliogeuka nyuma kuona kama askari wamekuja kweli.

"Huyo ni yeye," Eseza alinong'ona. "Anachechemea. Mguu wa kushoto."

"Ni askari, mama, mwenye bunduki," Roselyn alisema.

"Ni Namukose. Endelea."

Mvua ilinyesha, Eseza akacheka. Majani makavu yaliungua, akajikunyata. Aliifurahia kazi ile kuliko wote waliokuwa na macho, na Namukose, aliyesimama kando ya gari pamoja na Vasant, kwa dakika chache alijiona mtu aliyefanya jambo. Alikuwa amefikiria kila kitu. Alikuwa amefikiria jina, na umbali, na kwamba watu wakiona uso wa mwanamke wa Kiteso watajua ni msiba wa Kiteso. Kitu kimoja tu hakikumjia akilini: kwa asiyeona, uso wa Mteso haupo. Ipo sauti tu. Alipolitambua hilo, ghala la mtama lilikuwa limeshatokea shukani.

Kinywa kilifunguka. Yowe likatoka kwenye spika mbili kubwa, likapita juu ya vichwa, likavuka barabara, likaingia kwenye mashamba ya migomba.

Roselyn, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa la kusema, aliuziba kwa kiganja. Aliitambua sauti. Bugembe nzima iliitambua. Walikuwa wameisikia ikinunua chumvi.

Eseza alisimama. Alifungua kilemba chake, akakiacha kianguke. Akafungua kitambaa cha kiunoni.

"Amekufa," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imeanza. "Mkewe amepata habari."

Kisha akaitikia.

Namukose alikimbia, akikanyaga watu, akiita, "Mama, si hivyo! Mama, ni filamu, nilikuwa kazini!" Lakini yowe la mama mzazi likishapanda, mwanamke mwenye adabu haulizi. Aliyekuwa karibu aliitika, na wa nyuma yake akaitika, hadi jenereta halikusikika tena. Shukani picha ziliendelea peke yake, watu wakitembea bila sauti ya miguu.

*

Asubuhi shina la mgomba lilikuwa limeshalazwa sebuleni, ndani ya lubugo. Isabirye alikuwa hajalala, na alionekana kijana zaidi. Kuni zilikuwa zimerundikana. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti vya kukodi.

Namukose aliwapigia magoti. Aliwaeleza habari ya Mbale, ya wembe, ya utepe. Alifungua pindo akawaonyesha vile vipande viwili. Mzee mmoja alivipokea, akavinusa, akampitishia mwenzake.

"Kwa hiyo ulipiga yowe," alisema.

"Nilipiga, mzee, lakini..."

"Na ulimtaja."

"Nilimtaja, ila lilikatwa."

"Mtoto akizaliwa kisha kitovu kikakatwa, hakuzaliwa?"

Watu waliguna kwa kuridhika. Eseza aliketi kando ya mgomba, mkono juu yake. Namukose alimwendea, akamnong'oneza, "Mama, wewe unajua. Hakuna habari yoyote. Hakuna aliyekuja."

Kikongwe alinyoosha lubugo kwa kiganja. "Najua," alisema. "Nilijua mara nilipoketi tena. Lakini nimeshaitikia, mwanangu. Miaka sita mdomo umefungwa, ulipofunguka haukuniuliza." Alipapasa uso wa Namukose. "Na wewe pale ulikuwa huigizi. Usinidanganye, nina masikio."

Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba. Mgomba uliteremshwa. Sasa ilibaki mke aanze yowe, mama aitikie, udongo uingie. Wote wakamgeukia.

Halikutoka. Alifungua kinywa, kikabaki wazi kama cha yule Mteso kabla hajapewa sauti. Alifumba macho akasikiliza. Alisikia barabara, malori, wala hakuna lililosita. Jasho lilimtiririka. Shangazi mmoja alimfinya ubavuni amsaidie.

"La Mhindi lilitoka," mtu alisema nyuma. "La mumewe linagoma."

"Lile lililipiwa," mwingine alijibu, na kicheko kidogo kikapita kama upepo.

Jua lilipanda. Isabirye alitazama saa, akatazama wazee, akanong'ona nao. Kisha alipanda pikipiki ya rafiki yake akaenda Jinja. Vasant baadaye alisema alikataa kuitoa kanda ya yowe. Alisema alikataa mara mbili. Lakini Isabirye alimwuliza kwa upole kama angependa ukoo mzima uhamie mlangoni kwake, pamoja na kesi aliyokuwa nayo, na Vasant akakumbuka alivyofukuzwa mara ya kwanza. Alinakili kanda mwenyewe. Alikuja nayo mwenyewe, amekaa nyuma ya pikipiki, akasimama mbali kwenye ua wa michongoma akiwa ameshika kofia.

Walitafuta redio ya kaseti. Roselyn alitoa ya saluni, betri zikaazimwa dukani. Iliwekwa ukingoni mwa shimo, juu ya kiti. Mzee aliyenusa utepe alikohoa, akaamuru. Isabirye akabonyeza.

Ilivuma kidogo. Kisha Namukose akajisikia akilia.

Alisimama mikono mitupu, kinywa kimefumbwa, na sauti yake ikitoka kwenye kiti. Watu waliinamisha vichwa kwa redio. Alijua kila pumzi iliyokuwa inakuja. Alijua lile "wooowe" la kwanza, alijua lilivyopanda, alijua mahali litakapokatika. Likakatika. Nafasi ya pumzi moja, utepe mtupu.

"Bogere!" aliita Eseza.

Hakuwahi, hakuchelewa. Jina lilikaa ndani ya pengo kama mguu kwenye kiatu chake, na yowe likaendelea kutoka pale lilipoishia, *umeniacha na nani*, bila mshono. Pengo la pili lilipofika, aliita tena. Mwenye sikio zima asingejua kwamba ni watu wawili, mmoja kwenye mashine na mmoja kando ya shimo. Vasant, kule kwenye michongoma, alivaa kofia yake akaivua tena.

Wanawake wakaitikia. Msiba ukawa msiba.

Isabirye alizima redio kabla kanda haijaisha, kwa ajili ya betri. Akatupa koleo la kwanza, na la pili. Udongo ulianguka juu ya mgomba, ukasikika kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Halafu, mikono ikiwa bado na vumbi, alimnyooshea Namukose kiganja, na Namukose akafungua pindo la kitambaa, akatoa funguo za vyumba vya mbele. Kesho angetoa za nyuma.

Eseza alikuwa akipapasa hewani. Namukose alimpa mkono, akaketi chini kando yake.

"Mwanangu," kikongwe alinong'ona, akipumua kama aliyepanda mlima. "Niliingia mahali pake?"

"Ndiyo, mama," alisema Namukose. "Mahali pake hasa."